Vidaka na Kauri: Historia ya Kupamba Kuta katika Nyumba za Waswahili

Kwa karne nyingi wenye nyumba za mawe katika mwambao wa Afrika Mashariki hawakupamba kuta zao kwa picha, bali kwa sahani na mabakuli yaliyosafiri maelfu ya kilomita baharini. Makala haya yanafuatilia historia ya mapambo hayo, tangu vidaka vya Pate na Lamu hadi picha za studio na michoro ya Tingatinga, na yanaeleza kwa nini ukuta uliobaki mtupu ulihesabiwa kuwa msiba.

Kidaka kitupu

Mwanzoni mwa karne ya 19, kama wanavyokadiria wataalamu wengi, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alitunga Al-Inkishafi, shairi linaloomboleza kuporomoka kwa mji wa Pate, katika visiwa vya Lamu, kaskazini mwa pwani ya Kenya ya leo. Mshairi alikusudia kuionya nafsi yake kwamba fahari ya dunia haidumu. Ili kuthibitisha neno hilo, anampitisha msikilizaji ndani ya majumba ya matajiri waliokwisha kuzikwa. Wenyeji hawapo, wageni hawaji tena, na kumbini hakusikiki ila sauti za wadudu. Navyo vidaka vilivyokuwa vikipangwa vyombo vya kauri vimekuwa malalo ya makinda ya ndege.

Mshairi hakuhitaji kueleza kidaka ni kitu gani, wala kwa nini kinapaswa kuwa na chombo ndani yake. Kwa watu wa zama zake, kidaka kitupu kilikuwa habari kamili. Kilisema kwamba nyumba imekosa mwenyewe, biashara imekatika na ukoo umetawanyika. Msomaji wa leo, aliyezoea kuona mapambo ya ukutani kama jambo la hiari, hana budi kuanza na jengo lenyewe ili aelewe uzito wa maneno hayo.

Ukuta uliojengwa ili kuonyesha

Nyumba ya mawe ya Waswahili ilijengwa kwa matumbawe. Yaliyochimbwa baharini yalichongwa yakiwa bado laini, kabla hayajakauka, nayo yaliyotoka nchi kavu yalitumika kwa kuta nene. Chokaa ilipatikana kwa kuyachoma matumbawe juu ya rundo kubwa la magogo. Dari ilibebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba, ambao kwa kawaida haukuzidi mita 3. Kwa sababu hiyo vyumba vilikuwa virefu na vyembamba, vimepangwa kimoja nyuma ya kingine.

Huko Lamu, mgeni aliyebisha hodi alipokelewa kwanza kwenye daka, yaani ukumbi wa mlangoni wenye baraza za mawe. Aliyeruhusiwa kuendelea alipita tekani, akatokea kiwanda, ua usio na paa ulioipa nyumba mwanga na hewa. Baada ya kiwanda ulifuata msana wa chini, kisha msana wa juu, na mwisho chumba kilichoitwa ndani. Kila hatua ilimwondoa mgeni katika mambo ya mtaani na kumsogeza karibu na siri za familia. Wanaume wengi waliofika kwa shughuli za biashara hawakupita kamwe baraza ya daka.

Ni huko ndani, mahali palipofikiwa na wachache, ndiko ulikokuwa ukuta uliopambwa kuliko zote. Waamu huuita ukuta wa zidaka. Neno lenyewe linajieleza, kwani kidaka ni daka dogo. Safu za vidaka zilipanda kutoka chini hadi karibu na dari, kila kimoja kikiwa na umbo la mlango mdogo wenye upinde, na kingo zake zimenakshiwa kwa chokaa iliyochongwa kwa mkono. Hakukuwa na msumari wala fremu. Mahali pa kuweka pambo palikuwa sehemu ya ukuta wenyewe, palipoamuliwa na fundi na mwenye nyumba kabla chombo chochote hakijanunuliwa.

Mpango huo ulikuwa na faida nyingine. Chumba cha ndani kilikuwa mbali na kiwanda, na mwanga uliokifikia ulikuwa hafifu. Chokaa nyeupe iliyosuguliwa, pamoja na uso unaong'aa wa kauri, vilirudisha nuru ya taa na kukifanya chumba chembamba kionekane kikubwa zaidi. Nyumba nyingi za namna hiyo zinazosimama Lamu hata sasa ni za karne ya 18, wakati mji huo ulipositawi kwa biashara ya baharini.

Vyombo kutoka mbali

Desturi ya kuonyesha vyombo vya kigeni ni ya zamani kuliko nyumba hizo za Lamu. Katika magofu ya Songo Mnara, karibu na Kilwa, mabakuli ya kauri yalipachikwa ndani ya chokaa ya dari la kuba. Makaburi yenye nguzo ya Kunduchi, karibu na Dar es Salaam, na ya Mambrui, kaskazini mwa Malindi, yalipambwa vivyo hivyo kwa mabakuli ya Kichina. Huko Gedi, mji ulioachwa na watu wake mwanzoni mwa karne ya 17, mwanaakiolojia James Kirkman alianza kuchimba mwaka 1948. Baadhi ya nyumba zilizofukuliwa huko zimepewa majina kutokana na vitu vilivyookotwa ndani yake, na miongoni mwake kuna Nyumba ya Bakuli la Kauri na Nyumba ya Sarafu ya Kichina.

Vipande vya kauri vimetapakaa katika miji mingi ya kale ya pwani hii. Mwanaakiolojia Mwingereza Mortimer Wheeler, aliyeitembelea Tanganyika mwaka 1955, alisema kwamba historia ya zama za kati iliyozikwa katika ardhi ya nchi hiyo imeandikwa kwa kauri za Kichina. Kauli hiyo ni ya kweli kwa sehemu tu, kwa kuwa vyombo vingi vya kigeni vilivyofukuliwa vilitoka Uajemi na nchi za Kiarabu, na vyombo vya kupikia vya kila siku vilifinyangwa papo hapo na wafinyanzi wa pwani. Lakini inaonyesha jinsi wageni walivyostaajabu kuona shehena ya China kwenye fukwe za Afrika.

Wako wanaodhani kwamba vyombo hivyo vililetwa na merikebu za Zheng He, amiri wa bahari wa dola ya Ming, ambazo zilifika pwani ya Afrika Mashariki katika robo ya kwanza ya karne ya 15. Ukweli ni kwamba kauri za Kichina zilikuwa zimeanza kufika karne kadhaa kabla yake, na ziliendelea kuja baada yake. Nyingi zilipita mikononi mwa wafanyabiashara wa India, Uajemi na Uarabuni, bandari hadi bandari, zikisukumwa na pepo za msimu. Bakuli lililokuwa kidakani Pate huenda lilibadilisha wenyewe mara nyingi kabla ya kufika huko. Kwa hiyo aliyeliweka ukutani alikuwa akionyesha mtandao wa watu waliomwamini na kumkopesha mali ng'ambo ya bahari.

Vyombo havikuwa pambo pekee. Katika baadhi ya magofu ya mwambao pana matundu ya vigingi karibu na dari, na wanaakiolojia wanaamini kwamba hapo palitundikwa mazulia na vitambaa. Hivyo vimeoza na kupotea. Kauri haiozi, na ndiyo sababu historia ya kuta hizi imebaki kusimuliwa zaidi kwa sahani.

Fahari, kinga na uungwana

Kwa nini vitu vya thamani kubwa namna hiyo viliwekwa mahali ambapo wageni wengi hawakufika? Swali hilo limewashughulisha watafiti kwa muda mrefu.

Mwanaakiolojia Linda Donley-Reid, aliyefanya utafiti wake Lamu mwanzoni mwa miaka ya 1980, aliwasikiliza zaidi wazee na wanawake wa mji huo. Kwa maelezo aliyoyakusanya, chombo cha kauri kilikuwa pia kinga. Jicho la husuda likiingia ndani, lingevutwa na uzuri wa sahani, na sahani ingevunjika badala ya mtu kudhurika. Jirani na ndani palikuwa na nyumba ya kati, chumba kidogo kilichohusishwa na uzazi na kuoshwa kwa maiti. Vidaka vilisimama basi karibu na mahali ambapo maisha ya familia yalianza na kwisha, mahali palipohitaji kulindwa kuliko pengine popote.

Watafiti wengine wameweka mkazo zaidi kwenye biashara na heshima. Maelezo hayo mawili hayapingani. Mtu anayeogopa husuda ni yule aliye na kitu cha kuhusudiwa. Tena, katika familia nyingi za waungwana wa Lamu ilikuwa desturi baba kumpa binti yake nyumba au ghorofa anapoolewa, na mume ndiye aliyehamia kwa mkewe. Ukuta wa vidaka ulikuwa basi katika milki na makazi ya wanawake. Mbele yake ndipo bibi harusi alipoketi akatazamwa na wanawake wenzake, na sahani zilizokuwa nyuma yake zilieleza ni mtoto wa nani.

Fahari hiyo ilikuwa na upande wake wa giza. Nyumba ya mawe ilikuwa alama ya uungwana, na uungwana ulitambulikana kwa kuwatenga wasiokuwa nao. Watumwa walikuwa miongoni mwa waliochimba matumbawe, wakachoma chokaa, wakabeba boriti na kufuta vumbi kwenye sahani ambazo hazikuwa zao. Wengi wa watu wa mji waliishi katika nyumba za udongo na makuti, ambamo vidaka vya chokaa havikuwezekana. Historia ya ukuta huu haiwezi kusimuliwa kwa haki pasipo kuwataja.

Vioo na saa katika majumba ya Zanzibar

Katika karne ya 19 kitovu cha utajiri kilihamia Zanzibar, na mapambo yalibadilika pamoja nacho. Maelezo yaliyo hai kuliko mengi yaliandikwa na mwanamke aliyekuwa mbali na kuta hizo. Sayyida Salme, binti wa Sultani Said bin Sultan, alizaliwa mwaka 1844 katika kasri la Mtoni. Aliondoka Zanzibar mwaka 1866, akaolewa na mfanyabiashara Mjerumani, Heinrich Ruete, na kuishi Hamburg. Mumewe alifariki mwaka 1870, na mwaka 1886 kumbukumbu zake zikachapishwa mjini Berlin kwa jina la Emily Ruete.

Katika kitabu hicho anaeleza jinsi kuta za vyumba zilivyogawanywa na vidaka virefu vyenye rafu za mbao zilizopakwa rangi ya kijani. Humo ndimo vilimopangwa vyombo bora vya kauri na vya bilauri, na mwenye nyumba hakujali bei maadamu kitu kilikuwa kizuri. Katikati ya vidaka vilisimama vioo vikubwa vilivyoagizwa Ulaya, vikifika hadi dari. Picha, anaeleza, zilikatazwa kwa sababu za dini, ingawa mara mojamoja zilivumiliwa. Saa, kwa upande wake, zilipendwa mno, na nyumba moja iliweza kuwa na saa za aina nyingi.

Aliyaandika hayo akiwa mjane mwenye watoto watatu katika nchi ya ugenini, miaka ishirini baada ya kuondoka kwao. Alifariki Jena mwaka 1924. Ni dhahiri kwamba mpangilio wa vyombo ukutani ulikuwa miongoni mwa mambo aliyoyabeba moyoni, na kwamba kwa kuueleza aliwajulisha Wajerumani kuwa alitoka katika nyumba yenye watu na utaratibu.

Wakati huohuo sahani zenyewe zilianza kutoka upande mwingine wa dunia. Viwanda vya Ulaya, vikiwemo vya mji wa Maastricht nchini Uholanzi, vilituma kwa wingi vyombo vya bei nafuu vyenye maua ya rangi kali. Baadhi ya sahani zilitobolewa tundu kwenye ukingo wa kitako, zikapitishwa uzi na kutundikwa. Badiliko hilo lilikuwa na maana kubwa, kwani asiyeweza kujenga ukuta wa vidaka aliweza sasa kununua sahani na kigingi cha kuitundikia.

Picha yapata nafasi ukutani

Kamera ilifika Zanzibar katika karne hiyohiyo. A. C. Gomes, mpiga picha mwenye asili ya Goa, alikuwa miongoni mwa waliofungua studio mapema, na mwaka 1930 Ranchhod Oza alianzisha Capital Art Studio. Mjini Lamu, katika nusu ya pili ya karne ya 20, Studio ya Bakor ilijulikana kwa picha zilizounganishwa kwa ustadi, ambamo mtu aliweza kuonekana ndani ya ua au pembeni ya mandhari ambayo hakupata kuyafikia.

Mwanahistoria wa sanaa Prita Meier ameeleza kwamba mwanzoni picha iliingia katika nyumba za pwani kama kitu kingine cha kigeni na cha thamani, jirani ya sahani na saa. Baadaye ndipo ilipokuwa hasa sura ya mzazi au ndugu. Mabadiliko hayo hayakupita bila mabishano. Wako waliosema kuwa ukuta wenye sura ya kiumbe haufai kusaliwa mbele yake, na wako walioona hakuna ubaya. Familia nyingi zilipata njia ya kati, ambayo kwa kweli ilifuata mpango wa nyumba ya kale. Picha ya babu ilitundikwa sebuleni mbele ya wageni, ilhali picha za wanawake zilibaki ndani au katika albamu zilizofungwa. Aya za Kurani kwenye fremu zilichukua mahali pa juu kabisa.

Siasa nayo iliufikia ukuta. Picha za masultani zilizoonekana Zanzibar kabla ya mapinduzi ya 1964 ziliteremshwa, na mahali pake pakachukuliwa na Karume na Nyerere. Ukutani, msumari uleule uliweza kubeba watawala wawili waliopingana.

Kauri zaondoka

Kukomeshwa kisheria kwa utumwa, Zanzibar mwaka 1897 na katika pwani ya Kenya mwaka 1907, kuliondoa msingi mmoja wa utajiri wa nyumba za mawe. Wakati huo reli na bandari vilikuwa vinaivuta biashara kuelekea Mombasa, na Lamu ikabaki pembeni. Familia zilizopungukiwa ziliuza kilichouzika, na sahani ni kitu chepesi kuuza. Vyombo viliingia katika mikusanyiko ya maofisa, wafanyabiashara wa vitu vya kale na watalii. Makaburini nako mabakuli yaling'olewa, na katika makaburi mengi yamebaki mashimo ya duara tu.

Wakati kauri zikiondoka, sanaa nyingine ilianza safari ya kuelekea nje. Mwishoni mwa miaka ya 1960, Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru aliyehamia Dar es Salaam, alianza kuchora wanyama na ndege kwa rangi ya mafuta iliyotumika kupakia baiskeli, juu ya vipande vya ubao wa kiwandani. Wateja wake wengi walikuwa wageni waliokaa Oysterbay, na michoro ikatundikwa Ulaya kabla haijazoeleka katika sebule za Watanzania. Tingatinga aliuawa kwa risasi ya polisi mwaka 1972, lakini wanafunzi wake waliendeleza mtindo huo, na mwaka 1990 wakaunda chama cha ushirika. Leo mchoro wa Tingatinga unaonekana pia katika nyumba za Waswahili wanaoishi Maskati, London au Toronto. Kwao haumaanishi Afrika ya watalii, bali unatimiza kazi ile ya kale ya bakuli la kidakani, kuonyesha kwamba mwenye nyumba ana watu wake ng'ambo ya bahari.

Kilichobaki

Shirika la UNESCO liliuandikisha Mji Mkongwe wa Zanzibar katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, Lamu mwaka 2001 na Gedi mwaka 2024. Mjini Lamu, nyumba moja ya karne ya 18 imetengenezwa na kufunguliwa kama makumbusho, na mgeni huweza kuona ukuta wa vidaka ukiwa na vyombo vyake. Mafundi wachache bado wanajua kuchonga chokaa. Baadhi ya kazi wanazopata zinatoka katika nyumba zilizonunuliwa na wageni, au katika mahoteli, ambamo vidaka hujengwa upya ili kuwekwa mishumaa na vitabu.

Si haki kuidharau kazi hiyo, maana imeokoa ufundi uliokuwa ukipotea. Hata hivyo, kidaka kilichojaa mishumaa ya hoteli na kidaka kilichojaa makinda ya ndege vinafanana kwa jambo moja: vyote viwili vimeachana na familia iliyovijengea sababu. Sheria inaweza kuzuia ukuta usibomolewe na sahani isivushwe mpakani. Haiwezi kueleza sahani ile ilitoka kwa nani, iliwekwa siku ya harusi ya nani, na ilimkinga nani. Hayo yanajulikana na wazee walio hai, katika miji hiyo na ughaibuni, na yasipoulizwa sasa yatatoweka pamoja nao.